Kadi ya Pili

Dagoretti Corner,
Jumamosi, 22 Julai 2006

Mama mpendwa,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri nilipoenda kuungama: katika nyumba hii mimi huitwa Vero, na huwa naitika. Nimeliweka juu kabisa, kabla ya salamu, kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitakuuliza ng'ombe, nikuulize mvua, nikuulize mguu wa Baba, mpaka ukurasa ujae nami nitie sahihi bila kusema kitu.

Sasa salamu. Natumaini hamjambo nyote huko Kinangop, mguu wa Baba umepoa, na Maina ameacha kukohoa. Mimi mwilini sijambo. Baridi ya Julai imetukalia; asubuhi ukungu hulala juu ya Ngong Road na Anti hunilazimisha kuvaa sweta mbili. Yeye na Anko Lazarus hawajambo, wanawasalimu. Barua hii nitampa Baba Shiko, jirani yetu, anayekuja huko kesho kupakia viazi, ili ikufikie kabla ya Jumapili ijayo. Tafadhali uisome kabla ya Jumapili ijayo. Kupiga simu singeweza. Simu ya Anti hukaa mfukoni mwa aproni yake, na mimi wanijua, nikisikia sauti ya mtu kwenye simu husema ndiyo kwa kila kitu.

Nianzie shuleni, maana huko ndiko nilikoliona jambo lenyewe. Sisi wa kidato cha nne tunaofanya somo la kompyuta, kila mmoja hutengeneza programu yake mwenyewe, na hiyo ni sehemu ya mtihani. Mimi nilichagua kliniki ya Daktari Nurjahan, kule Parklands, ng'ambo ya barabara kutoka shuleni kwetu. Nilimchagua kwa sababu naye si mtu wa maneno mengi. Wagonjwa wake wako kwenye kadi, na kadi ziko kwenye sanduku la bati. Programu yangu ilikuwa ya kutafuta kadi: unaandika jina la mgonjwa, mashine inakuletea kadi yake. Basi.

Kompyuta zetu ni chache, kwa hiyo Mwalimu Shem ametuzoesha kitu anachokiita kuwa mashine. Mmoja anasoma programu kwa sauti kutoka kwenye karatasi, mwenzake anatenda kile tu alichoambiwa, hata kama ni ujinga. Mwenzangu ni Gurleen, msichana wa Kisikh anayeketi karibu nami. Yeye huongea kwa niaba yetu wawili, ndiyo maana tunapatana.

Mwalimu Shem alitufundisha kwamba programu yenye adabu ina mlango mmoja wa kuingia na mlango mmoja wa kutoka, na wa kutoka uko chini kabisa. Nikaandika hivyo. Kama jina limeandikwa, basi, kama sanduku lina kadi, basi, kama kadi inasomeka, basi. Kila "kama" iliusukuma mstari unaofuata kulia, hadi kazi yenyewe ikajibanza ukingoni mwa karatasi, maneno mawili mawili. Gurleen akawa mashine. Kila "kama" nilimpa kikaratasi akishike, kwa sababu mashine haiwezi kukiachilia mpaka ifike mwisho. Alipokuwa navyo katikati ya vidole na kimoja kwenye meno, aliniuliza kama yeye ni mashine au ni kamba ya kuanikia nguo.

Yeye ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Kaka yake huandika programu katika ofisi moja Westlands, na huko, alisema, wanaanza na maswali ya kukurudisha nyumbani. Jina halijaandikwa? Sema hivyo, toka. Sanduku ni tupu? Sema hivyo, toka. Ukimaliza hayo, kilichobaki ni kazi, na inakaa hapa kushoto, wima, hakuna mtu anayening'inia. Ipo amri ya kuiambia mashine itoke. Gurleen alipoifikia akiwa mashine alisimama kweli, akafungua mlango wa darasa, akatoka, kisha akachungulia kuuliza kama anaruhusiwa kurudi.

Mwalimu Shem alimkuta hapo nje. Akamwuliza anafanya nini kwenye korido, Gurleen akasema ametumwa nje na programu ya Agatha. Mwalimu akaingia, akaichukua karatasi yangu, akasema hii programu ni mtoro, na hata ana njia zake za uani. Akasema anayesoma lazima ajue mambo yanaishia wapi. Ukiweka milango mingi, utaajiri mawochimeni wangapi? Gurleen akasema ile yake mwalimu ina mlango mmoja kweli, ila ukiufikia umeshasahau ulikuja kufanya nini. Darasa likacheka. Nilitamani sakafu inimeze, maana karatasi ilikuwa yangu.

Lakini mwalimu si mtu mbaya. Aliniambia nisome zote mbili kwa sauti, mbele ya wote. Unanijua mimi na kusimama mbele ya watu. Ile ya kwanza nilipotea katikati, nikarudi juu, nikapotea tena, nikawa sijui niko ndani ya "kama" ipi. Ya pili niliisoma mpaka chini kama mtu anayesoma tangazo la kanisani, na sauti yangu haikutetemeka. Halafu akaandika pembeni neno moja, inasomeka. Nililala na hiyo karatasi chini ya mto.

Mama, sehemu ninayotaka uielewe ni ile ya katikati, na ni fupi. Chukua kadi. Kama jina ni hilo, ionyeshe, kisha toka. Kama silo, chukua inayofuata. Imekwisha. Ni nzuri, sivyo? Mwalimu Shem aliisoma, Gurleen aliisoma, kaka yake wa Westlands aliisoma, na hakuna aliyeuliza swali.

Kadi zote nilizinakili mimi mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Ya Vero, binti wa Anti, nilipoifikia niliiandika haraka nikiangalia vidole. Yangu ilikuja baadaye sana, ya ile malaria ya mwaka jana. Siku ya kuonyesha kazi kliniki, nesi wa pale, Sista Mukonyo, aliniambia nijaribu jina ambalo nina uhakika lipo. Nikaandika jina langu jinsi linavyoandikwa pale, maana hawahangaiki na jina la ubatizo: Waceke Mbugua.

Ikaja kadi. Tarehe ya kuzaliwa haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwaka mmoja kabla yangu. Nyumba, hii hii ya Dagoretti Corner. Na chini kabisa, neno nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe: amefariki.

Sista Mukonyo akaitazama skrini, akanitazama mimi, akarudisha kiti chake nyuma kidogo, akasema kumbe siku zote anamkaribisha mzimu chai. Kisha akacheka, akanishika bega, akasema pole mrembo, nakutania. Nami nikacheka. Alipoenda kumwita mgonjwa nikaandika jina langu tena. Akaja Vero. Nikaandika tena, polepole, kama mtu anayeita nyumba ya jirani. Akaja Vero. Mashine haikukosea. Ilimpata yeye kwanza kwa sababu aliandikishwa kwanza, na ikishampata inatoka. Mimi niko nyuma yake kwenye sanduku, na hakuna mtu atakayefika huko.

Ungetarajia mimi, kati ya watu wote, nilijue hilo. Baba na Anko Lazarus ni ndugu. Kila mmoja alimpa msichana wake wa kwanza jina la Cucu, mama yao, kama inavyotakiwa, na wote wawili wakatupa Mbugua. Krismasi Cucu akiita Waceke tulikuwa tunakimbia wawili, mpaka akaanza kusema Waceke wa Nairobi na Waceke wa shamba. Halafu mimi huyo huyo nikaandika programu inayoamini kwamba jina lina mwenyewe mmoja. Nilipomwambia Gurleen alisema yeye ni Kaur, mama yake ni Kaur, shangazi zake wote ni Kaur, na hata yeye hakuona kitu, kwa sababu mstari wenyewe ulikuwa mtamu kusoma.

Hilo ndilo lililonitia hofu. Ile programu mbaya, ya kwanza, unaifuata na kidole, unaishuku kila hatua. Hii nzuri unaiamini. Wala siwezi kusema kutoka mapema ndiko kubaya. Zile amri za juu kabisa zinauliza kitu, zinapata jibu, zinaondoka, na msomaji hana mzigo. Lakini ile ya katikati inaondoka kabla ya kuuliza kama kuna mtu mwingine amebaki nyuma.

Sasa nyumbani. Ulinileta hapa Januari ya mwaka jana, baada ya kumzika Vero, ukaniambia nikae na Mama Vero maana nyumba yake imenyamaza. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemchukua msichana wake wakati wa likizo tu. Nikapewa kitanda chake, sweta yake ya shule, na shule yenyewe. Siku moja nikasikia kutoka jikoni: Vero, zima hiyo stima ya korido. Nikafikiri ni ulimi tu umeteleza. Nikaizima. Ningemwambia nini? Mimi ambaye mwalimu akiniruka akiita majina asubuhi hukaa kimya na kuandikwa sikuja?

Kisha ikawa kila siku. Chakula changu hakitiwi chumvi kwa sababu Vero hakupenda chumvi. Maji yangu ya kuoga huchemshwa na majani ya mkaratusi kwa sababu Vero alikuwa na kifua. Jioni Anti hukaa karibu nami, akiniuliza kama nakumbuka siku nilipoteleza kwenye ngazi za lile hekalu la Parklands nikitoka shule, nikapasuka kidevu, na mama mmoja mzee akanifunga na ncha ya sari yake. Nasema nakumbuka. Anko Lazarus huinua gazeti. Yeye huniita msichana, si hivi wala hivi, na nafikiri ndiyo njia yake ya kutosema uongo.

Juzi nikioga niligusa kidevu changu nikitafuta kovu, na pakauma. Siku ile naikumbuka, Mama. Nakumbuka ubaridi wa jiwe, maua ya manjano yaliyokuwa yamekanyagwa, harufu ya ubani. Anti hajawahi kuniambia kuhusu maua. Labda nimeyaona nikipita hapo, watu hupita hapo kila siku. Sijui. Najiambia nimeyaona nikipita.

Jumapili ijayo askofu anakuja kutupa Kipaimara. Katekista Dalmas alipita akiandika majina tuliyoyachagua, na alipofika kwangu Anti alijibu kabla yangu, Veronica. Wewe ulipigiwa simu ukaambiwa nimelichagua mwenyewe kwa heshima ya dada yangu. Ulifurahi sana, nilikusikia, ukasema Mungu asifiwe, huyo mtoto ana moyo. Nikapewa simu. Ukaniuliza kama ni kweli. Nikasema ndiyo, Mama.

Lakini hilo bado si lenyewe. Nimekuwa nalizunguka ukurasa baada ya ukurasa.

Programu niliirekebisha. Zile za kutoka juu niliziacha, bado zinasomeka vizuri. Ya katikati nikaiondoa. Sasa mashine inapitia sanduku lote mpaka kadi ya mwisho, inaweka pamoja wote wenye jina hilo, inawaonyesha bega kwa bega, kisha inauliza tarehe ya kuzaliwa. Imekuwa ndefu kidogo. Mwalimu Shem aliisoma akasema safari hii imekaa darasani mpaka kengele. Niliandika jina langu nikaona kadi mbili, Vero na mimi, na nikalia kidogo, lakini vizuri.

Alhamisi wazazi walialikwa kuona kazi zetu kabla hazijafungwa na kupelekwa kusahihishwa. Anti alikuja amevaa nguo za kanisani, kile kitenge cha zambarau. Alisimama nyuma yangu, mkono begani. Aliwaambia akina mama wengine, huyu ni wangu. Akasema anataka kuniona kwenye kompyuta, niandike Waceke Mbugua. Ningeweza kuandika jina la mtu mwingine. Niliandika hilo.

Zikaja mbili. Akainama mpaka nikahisi pumzi yake sikioni. Aliisoma ya Vero yote, kwa sauti ndogo, mpaka lile neno la mwisho, bila kusita, kama mtu anayesoma kitu anachokijua tangu zamani. Kwa hiyo anajua, Mama. Nilifikiri labda hajui, lakini anajua. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, chini ya ile nyingine, yangu. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza kweli, hii ya pili ni ya nani.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limeandikwa pale, mbele yetu sote. Gurleen alikuwa meza ya pili, ameacha kuongea na baba yake, ananiangalia. Na mimi nikasema, hiyo ni makosa ya mashine, Anti.

Akauliza kama makosa hayo hayataniharibia mtihani. Nikasema naweza kuyatoa. Nikaifuta. Mashine iliniuliza kama nina hakika, kama nilivyoifundisha iulize, nikabonyeza ndiyo. Ikabaki moja. Anti akanipapasa kichwa, akasema hapo sasa ni safi, Vero. Na Ijumaa kazi yangu ilifungwa ikapelekwa hivyo hivyo. Gurleen alinipita kwenye korido, akarudi, akaniambia amewahi kuwa mashine siku nyingi lakini hajawahi kufanya kitu kama hicho. Hajaongea nami tena.

Sasa umejua. Kadi naweza kuiandika upya, Sista Mukonyo anayo ile ya karatasi. Lakini Jumapili askofu atanipaka mafuta kwenye paji la uso, aseme Veronica, na mimi nitasema Amina. Najijua nitasema. Na hilo sioni litafutwa na nani.

Ndiyo maana nakuomba uje kabla ya siku hiyo, na usije kwa ajili ya sherehe. Njoo ukae jikoni na Mama Vero, nyinyi wawili mliozaa, mnywe chai, na akiniita jina hilo, wewe uniite langu, wazi, akisikia. Mimi siwezi kuanza. Wewe ukianza, nitaweza kufuata. Simchukii, Mama, usifikiri hivyo. Ananipenda kiasi cha kunitisha. Naogopa kwamba siku atakapokubali kuwa Vero hayumo humu atampoteza mara ya pili, na safari hii ni mimi nitakayekuwa nimemtoa. Lakini kuna kitu naogopa zaidi. Naogopa utakuja siku moja, usimame mlangoni na kikapu chako, uite Agatha, nami niendelee kuosha vyombo.

Nisalimie Baba, mwambie asipande gari akiwa na huo mguu, nitaelewa asipokuja. Nisalimie Maina na ng'ombe wake. Cucu mwambie Waceke wa shamba anamsalimu. Mungu awalinde nyote mpaka tuonane, na tuonane mapema.

Lango la chini limelia. Anti ametoka mazoezi ya kwaya. Kwa kawaida nikisikia viatu vyake kwenye ngazi karatasi huwa tayari ndani ya kitabu cha hesabu, na hata sasa mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuisukuma. Nimeirudisha mezani. Ameingia, ameweka funguo. Ameita Vero. Sijaitika. Viatu vimesimama. Ameita tena, na mimi naandika tu, nyumba iko kimya hivi kwamba nasikia kalamu. Anakuja kwenye korido. Yuko mlangoni, lakini hafungui, na ameniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ni nani yuko humo ndani.

Ni mimi, mwanao,

Agatha Waceke Mbugua